Re: Simu inatosha kuweka miti ya manispaa kwenye ramani?

Ndugu, umeuliza kama simu ya kawaida inatosha. Inatosha, ila GPS yake hukosea mita 3 hadi 5, na chini ya mwembe mnene hukosea zaidi. Miti miwili iliyo jirani utakuta imebadilishana nafasi, halafu mafundi wanatumwa kukata mkavu, wanaangusha mzima. Kwa hiyo usikiamini kile kidoti cha buluu kinachoonyesha ulipo. Weka picha ya setilaiti nyuma, buruta alama mpaka kwenye shina, kisha funga kibati chenye namba kwenye mti.

Programu za ramani, QGIS ya kompyuta na QField ya simu, ni za bure. Rekodi aina ya mti, hali yake, nyaya za umeme zilizo juu, na mzingo wa shina mita 1.3 kutoka ardhini. Futi ya fundi cherehani yatosha. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo.

Jiji la Melbourne, Australia, wana miti kama 70,000 kwenye ramani, kila mmoja na anwani yake ya barua pepe ya kuripoti matatizo. Watu wakaanza kuiandikia barua za mapenzi!

Je, mtu wa kufuta kwenye ramani mti uliokatwa jana mnaye? Kama hamna, anzeni na mtaa mmoja.