Umepunguzwa kazi kiwandani: usitie saini kwanza

Ndugu yangu, nimekuelewa: baada ya miaka 9 katika kiwanda cha chai umepewa barua ya kupunguzwa, na unataka kununua bodaboda kwa kiinua mgongo kabla fedha hazijaishia jikoni.

Usitie saini hati inayosema huna madai mengine hadi uisome pamoja na kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kiinua mgongo hapa Tanzania ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Kwako ni siku 63, mbali na notisi, likizo ambayo hukuichukua na cheti cha utumishi. Ukiona umeachishwa isivyo halali, lalamiko lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa hiyo zile ahadi za "njoo wiki ijayo" zisikulaze. Ulizia pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuhusu fao la kukosa ajira.

Bodaboda inanitia wasiwasi. Kiwanda cha kwetu kilipofungwa, pikipiki 3 za kijiweni zilifika 11 huku abiria, ambao ndio waliokuwa wafanyakazi wenzetu, wakitembea kwa miguu. Yangu niliiuza kwa hasara, nikarudi kwenye nusu ekari ya viazi mviringo, kwa sababu mnunuzi wake alikuja na lori kutoka mjini na hakutegemea mshahara wa mtu yeyote pale kwetu. Kabla ya kununua chochote, kaa na mwenzi wako mlipe deni la dukani, kisha mtenge chakula cha miezi mitatu.