Muulize Mzee wa Kanda: "Hapa kuna bendi moja au mbili?"

Swali: Shikamoo mzee. Mjomba kaniachia sanduku la kanda zake, humo nimekuta "Cherry Pie" ya Warrant. Wimbo wa kwanza ni mzaha mtupu, sifa za msichana tu. Wa pili, "Uncle Tom's Cabin", una maiti na askari! Ni albamu moja kweli, au mjomba alirekodi mbili humo humo?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mjomba hana kosa. Warrant ni bendi moja ya roki ya Marekani, na hiyo ni albamu yao ya pili, ilitoka Septemba 1990. Ila huo wimbo wa kwanza ulidandia gari likiwa linaondoka.

Albamu ilikuwa tayari, na ilikuwa iitwe "Uncle Tom's Cabin". Bosi wa kampuni yao ya rekodi, Columbia, Don Ienner, akampigia simu Jani Lane, mwimbaji na mtunzi wao: anataka wimbo wa kuchangamsha redio, kitu kama "Love in an Elevator" ya Aerosmith. Lane akautunga chapuchapu, maneno akayaandika kwenye boksi la piza. Ukawekwa mbele kabisa, ukachukua na jina la albamu. Hata solo ya gitaa iliazimwa: aliyepiga ni C.C. DeVille wa bendi nyingine, Poison.

Kibiashara bosi hakukosea. Wimbo ulifika nafasi ya 10 Marekani, albamu nafasi ya 7. Lakini Lane aliganda nao maisha yake yote, na aliwahi kusema hadharani kwamba anajuta kuutunga. Alifariki Agosti 2011, ana miaka 47, na magazeti yakamuaga kwa jina la wimbo huo huo. Mimi hilo liliniuma.

Maana mtunzi mwenyewe yuko kwenye huo wa pili. Riwaya ya "Uncle Tom's Cabin" ya Harriet Beecher Stowe, ile ya utumwa Marekani, imetoa jina tu. Humu kijana na mjomba wake wanavua samaki usiku, mara wanawaona sherifu na msaidizi wake wakiburuta maiti mbili kwenda majini. Sasa wanajua siri, na wenye sheria ndio wauaji. Utakwenda kushtaki wapi? Lile gitaa kavu la mwanzoni linakuweka pale majini kabla hujasikia neno. Watu waliozizoea bendi hizi kwa nywele za kupuliziwa dawa na suruali za kubana huwa hawaamini nikiwapigia.

Kanda yangu aliniletea kaka yangu baharia, kutoka Rotterdam, 1991. Haikumaliza mwezi, redio ikaila. Nikaizungusha kwa kalamu hadi ikarudi ndani, lakini mwanzo wa upande A ulishakunjamana: "Cherry Pie" kwangu inaimbwa na mtu aliyezama kwenye pipa la maji. Wimbo wa pili hauna hata mkwaruzo. Sikupeleka kwa fundi.

Usiruke "I Saw Red". Lane aliutunga baada ya kumfumania mpenzi wake na rafiki yake wa karibu, na anauimba kama jambo la jana.

Halafu tahadhari. Kama kanda ya mjomba ni ile kamili, mwishoni kuna "Ode to Tipper Gore", ambayo ni matusi ya jukwaani yaliyounganishwa, zawadi kwa yule mama aliyepigania kanda zibandikwe onyo kwa wazazi. Usiifungulie sebuleni bibi akiwa anachambua mchele.