Irekodi kelele kabla hujaichagulia modeli

Ripoti nyingi za mawasiliano ya kidijitali hupita haraka kwenye sentensi moja: "Tunachukulia kwamba kelele ni ya Gauss." Yaani thamani za kelele (mawimbi yasiyotakiwa yanayochafua data) zimetawanyika kwa umbo la kengele, na zilizo kubwa sana ni nadra. Kwa kelele ya joto ndani ya saketi, sawa kabisa. Lakini ukipitisha data kwenye nyaya za umeme wa nyumbani, kazi ninayoifanya mimi, nakusihi usiiandike kabla hujarekodi.

Pima kwenye soketi ukitumia kiunganishi kinachozuia umeme mkubwa (hapa usicheze, ni uhai wako). Washa taa yenye dima (kipunguza mwanga), chaja, kisha drili. Utaona kelele ndogo iliyotulia, na juu yake miruko mirefu, myembamba. Mingine hujirudia kila milisekunde 10, kwa kuwa umeme wa 50 Hz hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na dima huwaka kwa kuufuata. Ya swichi haina ratiba.

Sasa kokotoa variansi (wastani wa mraba wa umbali kutoka wastani) ya sampuli elfu moja, elfu kumi, laki moja. Kama kelele ni ya Gauss, namba hutulia mapema. Ikiwa kila mruko mkubwa unairusha juu, mtawanyo wako una mkia mzito, yaani thamani kubwa sana hutokea mara nyingi kuliko kwenye Gauss, na variansi si kipimo cha kutegemea. Tumia mediani ya thamani kamili (thamani ya katikati, bila kujali alama ya kutoa), ambayo miruko michache haiitikisi.

Watu hubishana sana kuhusu modeli. Ile ya Middleton ya daraja A, modeli ya kelele yenye miruko, ina vigezo vyenye maana ya kimwili: miruko inaingiliana kiasi gani, na nguvu ya kelele ya kawaida ikilinganishwa na ya miruko. Mitawanyo ya alfa-stebo, ambamo kigezo alfa huonyesha uzito wa mkia, huanzia Gauss, alfa ikiwa 2; ikishuka chini ya hapo variansi haina kikomo. Kwa nyaya za umeme mimi huanza na Middleton.

Ila zote mbili, zikitumiwa kama kawaida, huchukulia sampuli hazitegemeani, ilhali miruko huja kwa makundi. Kwa hiyo changanya mpangilio wa rekodi yako bila kubadilisha thamani hata moja, kisha ijaribu kwenye kipokezi pamoja na ile halisi. Histogramu ni ileile. Makosa yakipungua kwenye iliyochanganywa, unahitaji modeli yenye kumbukumbu, kama mnyororo wa Markov (ambapo hali inayofuata hutegemea iliyopo sasa), au kitawanya-biti kirefu zaidi, yaani kinachotenganisha biti jirani ili kundi la miruko lisizipige kwa pamoja.