Kwa nini chembe za kauri zipangwe kabla ya tanuri?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma uhandisi. Tumefundishwa kwamba kauri ya pizoelektriki, ile inayotoa umeme inapokandamizwa, huwekwa katika uga mkali wa umeme baada ya kuchomwa ili chaji zake zielekee upande mmoja. Ikiwa uga huo unatosha, kwa nini watafiti wa kauri zisizo na risasi (metali ya ledi) wanahangaika kupanga chembe zenyewe, yaani vijifuwele vinavyounda kauri, zielekee upande mmoja? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, uga wa umeme haugeuzi chembe. Chembe iliyokwisha kuchomwa imebanwa na jirani zake pande zote, na kinachogeuka ni mwelekeo wa chaji ndani yake tu, nao hauwezi kufuata njia nyingine isipokuwa zile chache zinazoruhusiwa na umbo la fuwele. Chembe iliyolala vibaya huchagua njia iliyo karibu na uga, lakini hubaki imepinda na mchango wake hupungua.

Katika kauri iliyozoeleka ya risasi, zirkoniamu na titaniamu, hasara hiyo huvumilika kwa sababu kauri yenyewe hutoa chaji nyingi. Lakini takriban asilimia 60 ya uzito wake ni risasi, ambayo ni sumu, na mbadala wake, niobati ya potasiamu na sodiamu, kwa asili ni dhaifu zaidi.

Mwaka 2004 watafiti wa Japani, wa maabara za Toyota na wa kampuni ya Denso, walionyesha njia. Walihitaji vipande bapa vya fuwele vya kuongoza chembe nyingine, lakini niobati ya sodiamu ikiachwa ikue yenyewe hutoa vijisanduku, si vibapa. Kwa hiyo walikuza kwanza vibapa vya kampaundi nyingine yenye bismuthi ndani ya chumvi iliyoyeyuka, kisha wakaibadilisha kikemia kuwa niobati ya sodiamu huku umbo bapa likibaki. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua ya ustadi mkubwa kuliko zote. Vibapa hivyo vilichanganywa na unga laini katika tope, na tope likatandazwa chini ya wembe kuwa utepe mwembamba, hata vibapa vikalala pamoja. Ndani ya tanuri, chembe zilikua juu ya vibapa zikifuata mpangilio wake. Kauri hiyo ilitoa chaji ya pikokulombi 416 kwa kila nyutoni ya nguvu iliyoikandamiza, ilhali ile yenye mchanganyiko uleule isiyopangwa ilitoa takriban 300.

Ukipata mashine ya eksrei, pima uso bapa wa sampuli iliyopangwa: katika mchoro wake, vilele vya mwelekeo mmoja vitakuwa virefu na vingine karibu vitoweke. Kisha isage sampuli hiyohiyo iwe unga, uipime tena, nawe utaona vile vilivyotoweka vimerudi, kwa kuwa mpangilio umevurugika.