Re: Picha za mbio za baiskeli Moshi zinatoka na ukungu

Mkuu, umeuliza kwa nini waendesha baiskeli wanatoka na ukungu. Spidi ya shata (kasi ya kamera kufungua na kufunga mwanga) iko chini. Weka 1/1000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iachie kamera ichague yenyewe, fokasi iwe ya kufuata mfululizo. Simama kwenye mwinuko, au kwenye kona upande wa ndani. Anayeteleza huangukia nje. Ukitaka magurudumu yaonyeshe mwendo, shusha hadi 1/60, ISO 100, f/16 (tundu dogo la lenzi), maana bila hivyo jua litaifanya picha nyeupe. Mlenge mwendeshaji mmoja kwa kamera tangu mbali, geuza kiuno pamoja naye, bonyeza, kisha endelea kumfuata. Wengi husita wanapobonyeza, ndipo uso unapoharibika. Kilimanjaro kwa nyuma? Asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Vumbi likitimka, usithubutu kubadilisha lenzi.