Fundi, nijibu: Kasha dogo lisilovuma

Swali: Fundi, habari za kazi. Nataka kuunda kompyuta ndogo ya kukaa chini ya runinga sebuleni. Jioni tunaangalia filamu za 4K, na wikendi wanangu wawili wanacheza magemu. Tuliyonayo sasa ikianza kuchemka, mke wangu huchukua rimoti na kuongeza sauti, nami hujifanya sioni. Rafiki yangu ameniandikia orodha: prosesa Ryzen 7 7700X, kadi ya grafiki RTX 4070 Super, hadidiski ya terabaiti 4 ya kuwekea filamu na kipoozeo kifupi, vyote ndani ya kasha la lita 8. Itakaa kwenye kabati lenye mlango wa kioo. Nikiweka feni za bei mbaya zinazosifiwa kwa ukimya, itatulia?
Baba wa Wawili

Jibu: Baba wa Wawili, salamu zimefika, na kwa mwenye rimoti pia. Haitatulia. Feni ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Anayemtuma ni joto.

Tupige hesabu. Hiyo 7700X imeandikwa wati 105, lakini kwa kawaida huruhusiwa kuvuta hadi 142. Kadi uliyoandikiwa ni wati 220. Jumla 362, na kila wati inayoingia hutoka ikiwa joto, hakuna inayopotea njiani. Sasa weka Ryzen 5 7600: imeandikwa 65, kikomo chake 88. Ongeza RTX 4060 yenye wati 115. Jumla 203. Ni kweli kwenye magemu prosesa haifiki kileleni mara nyingi, ila tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama feni zako zitatembea au zitakimbia. Na mbio hugharimu: feni ikipunguzwa mwendo hadi nusu, sauti yake hushuka kwa takriban desibeli 15, wakati desibeli 10 peke yake sikio huzisikia kama kelele imepungua nusu.

Rafiki yako atasema 4060 ni ndogo kwa runinga ya 4K. Hajakosea sana. Ina kumbukumbu ya GB 8, kwa hiyo kwenye magemu mazito utapunguza ubora wa picha, au utamwachia DLSS, programu ya kadi za Nvidia, akuze picha iliyochorwa kwa ukubwa mdogo. Kwenye kochi, mita tatu kutoka kwenye kioo cha runinga, mimi mwenyewe huwa siioni tofauti mpaka nisimame kuitafuta. Kelele sihitaji kuitafuta.

Na kama wanao wanacheza mpira, magari na yale ya kujenga kwa matofali, achana na kadi kabisa. Chukua Ryzen 7 8700G, ambayo imebeba grafiki zake ndani, Radeon 780M, kwa wati 65 zilezile. Ukienda njia hiyo nunua RAM, yaani vijiti vya kumbukumbu, mbili, usinunue moja kubwa. Grafiki za ndani hazina kumbukumbu yao, zinakula kwenye sahani moja na prosesa, na RAM moja huzibania njia nusu nzima. Kwa filamu usiwe na wasiwasi: prosesa zote mbili nilizokushauri hufungua HEVC na AV1, mitindo ya kubana video, bila kutokwa jasho.

Hadidiski iondoe sebuleni. Zile zinazozunguka mara 7200 kwa dakika ni mizunguko 120 kila sekunde, na ubao wa kabati ukiidaka mitetemo hiyo, kabati zima linakuwa ngoma. Ndani ya kasha iwe SSD ya M.2 tu, diski isiyo na kinachozunguka, inayochomekwa kwenye bodi yenyewe. Filamu zikae kwenye hadidiski ya chumba kingine, zije kwa waya wa mtandao.

Sasa kasha. Kabla ya kununua chochote, tafuta namba tatu kwenye maelezo ya mtengenezaji: kimo cha kipoozeo kinachoingia juu ya prosesa, urefu wa kadi, na unene wa kadi. Mazabodi, ile bodi kuu, ya makasha madogo huitwa Mini-ITX, nayo ni milimita 170 kwa 170 popote uendako, hiyo haina ubishi. Ubishi uko juu ya prosesa, na hapo ndipo nilipoumbuka mimi.

Kasha langu la kwanza la aina hii lilikuwa na nafasi ya milimita 47. Nikafunga kipoozeo cha Noctua NH-L9a, chenye kimo cha 37, kikaingia na nafasi ya 10 ikabaki. Nikajipongeza. Usiku ule mashine ikavuma kama nyuki ndani ya mtungi, na kila nikitoa ubavu wa kasha inanyamaza. Ile nafasi niliyoifurahia ndiyo iliyokuwa mchawi: feni ilikuwa inavuta hewa ya moto iliyokwishazunguka ndani, badala ya hewa mpya ya kwenye matundu ya ubavuni. Nilikata pete ya sifongo yenye unene wa milimita 10 kwa mkasi wa watoto, nikaiweka kati ya feni na ubavu ili hewa isiwe na njia nyingine. Feni ikashuka mwendo palepale. Pete ile bado ipo, imeshakuwa rangi ya chai. Kasha lako likiruhusu milimita 70, basi weka NH-L12S, ambayo hubeba feni ya 120 badala ya 92. Kubwa huzunguka polepole kwa kazi ileile.

Pawa saplai ni ya SFX, kipimo kidogo cha makasha kama hili. Nunua yenye wati nyingi kuliko unazohitaji, 600 hivi, na iwe ya aina ambayo feni yake husimama mzigo ukiwa mdogo. Ukiangalia filamu hutajua kama ipo.

Kisha ingia BIOS, mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa mashine inapowaka. Prosesa za siku hizi joto lake huruka kwa sekunde moja ukifungua ukurasa tu, na feni isiyofundishwa huruka nayo: vuu, kimya, vuu, kimya. Sikio huzoea mvumo mmoja, halizoei huo wa kukurupuka. Panga feni ibaki na mwendo mmoja mpaka nyuzi 70, na ichelewe sekunde kadhaa kabla ya kupanda.

Nimeuacha mlango wa kioo makusudi. Ndani ya kabati lililofungwa, mashine hupumua pumzi yake yenyewe, hata ungenunua nini. Toboa mgongo wa kabati, tundu la kupitisha ngumi mbili, na watoto wakicheza mlango uwe wazi. Ukiona huwezi kulitoboa, iweke kompyuta juu yake.

Na waya wa HDMI, ukiweka kadi, uchomeke kwenye kadi. Nimeitwa mara nyingi mno kwa mashine "dhaifu" iliyochomekwa kwenye mazabodi.

Swali: Fundi, yangu nimeshaunda. Feni za kadi naziona zimesimama, lakini menyu ya gemu ikifunguka tu kuna kitu kinalia kama mbu. Kadi imekufa?
Mwenye Masikio

Jibu: Haijafa. Ni koili za umeme zinatetemeka. Kwenye menyu hakuna kazi ya maana, kwa hiyo kadi huchora picha mamia kwa sekunde, na runinga haina hata pa kuzionyesha. Weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde, au 120 kama runinga yako inafika huko, na mara nyingi mbu ananyamaza. Akiendelea, kabla hujairudisha kadi kwa muuzaji, kunja karatasi iwe bomba, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe taratibu juu ya kasha bila kugusa kitu. Mara mbili sasa nimemkuta kwenye pawa saplai.