Springi haichomelewi, mkuu. Achana na huyo fundi

Mkuu, hapo uliposema fundi amekushauri uchomelee ule ufa wa jani mama (lile refu la juu kwenye springi) la mbele upande wa dereva, halafu uongeze jani jingine ili Canter "isimame" wima, chai yangu imepoa mezani. Na ile hoja yake kwamba daraja la Kigongo–Busisi huko Mwanza limeshafunguliwa, gari haishuki tena rampu ya kivuko, kwa hiyo springi ya kuchomelea itakufikisha Geita bila shida! Huyo ama ni ndugu wa fundi wangu, ama walifundishwa gereji moja.

Jani la springi si bomba la geti. Ni chuma kilichopashwa moto na kupozwa kwa mpango huko kiwandani ili kijipinde na kurudi. Moto wa kuchomelea unavuruga kazi yote ile. Pembeni ya mshono chuma kinakuwa kikavu, hakipindi tena, kinakatika. Na hakikatiki gari ikiwa imeegeshwa nyumbani. Kinasubiri upakie.

Langu, lililochomelewa na huyo fundi wangu, lilisubiri nipakie dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda Kahama, magunia yamepanda hadi juu ya bodi. Tumepita Usagara, Misungwi tumeiacha nyuma, lami safi kabisa, shimo hakuna. Paa! Nikadhani tairi. Steringi ikavuta kushoto, nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Jani mama ndilo linaloshika ekseli mahali pake. Likikatika mbele ya ekseli, ekseli inarudi nyuma. Tairi likaenda kusaga madigadi, paipu ya breki ikachanika. Tulisimama kwa gia ndogo, hendibreki na huruma ya Mungu, tairi za kushoto zikiwa mtaroni. Tandiboi wangu, mtu ambaye hanyamazi hata akila, hakusema neno mpaka jioni.

Halafu mvua. Ya huku Kanda ya Ziwa unaijua, haipigi hodi. (Turubai lilikuwa na tundu. Hilo msiniulize, leo tunaongelea springi.) Dagaa wa watu wakalowa, wakaishia kuuzwa kwa wenye chakula cha kuku, kwa bei ya kuku. Mama mwenye mzigo alinipigia simu akaniita majina ambayo hata Kisukuma changu hakiyafikii. Jumlisha fidia ya mzigo, tairi, paipu, kuvutwa kurudi Misungwi, na gari kulala huku marejesho ya mkopo yanaendelea kuja. Ile hela ingenunua springi mpya za mbele, kushoto na kulia, na chenji ingebaki. Kuchomelea nililipa shilingi 40,000, nikajiona mjanja wa mjini.

Sasa sikia hii. Nilimpelekea fundi vipande. Akavipokea, akavigeuza, akaniambia mbele ya watu: "Bosi, weldi yangu haijaachia. Limekatika jani la kwako." Na kweli! Mshono mzima, jani limekatika upana wa kidole pembeni yake. Tazama basi pale lilipokatikia: sehemu kubwa nyeusi kwa kutu, chini kabisa kuna ukanda mwembamba unaong'aa. Maana yake ufa ulikuwa unatembea humo siku nyingi, nami nakatiza mitaa ya Buzuruga najisifu gari imenyooka. Aliniahidi kazi ya miaka. Miaka ya nani, hakusema.

Na hilo jani la kuongeza halitibu chochote. Jani mama linabaki bovu vilevile, ila springi inakuwa ngumu, mtikisiko unahamia kwenye hanga (vishikio vya springi) na chesisi, kisha utarudi kwa fundi yuleyule akuchomelee chesisi. Biashara nzuri kwake.

Kwa hiyo jani lenye ufa linatoka. Funga jipya, na upande wa pili nao ubadilishe, la sivyo gari itakaa kichwa upande na kukuvuta. Senta bolti (inayobana majani pamoja katikati) na yubolti (zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe mpya. Zile za zamani zimeshavutika, fundi akisema "hizi bado nzima" mwambie akafunge kwenye gari lake. Ukishatembea kidogo na mzigo, rudi zikazwe tena, hapo wengi wanazembea. Kama hela haijatimia, egesha gari. Najua linauma, lakini haliloweshi dagaa.

Bushi, zile za ndani ya sikio la springi (tundu la mwisho wa jani mama), ingiza mtaimbo hapo utikise, sikio likicheza zitoe. Shokapu zinazovuja zinaweza kukaa foleni kidogo, mzigo haubebwi na shokapu.

Uliuliza na mengine, kuuza gari au nini sijui, ila kwanza piga brashi ya waya kwenye hilo jani mpaka kutu iondoke, hasa karibu na yubolti, utuwekee picha hapa. Na usipakie kesho.